Uzoefu wangu na viungio vya waya wa umeme vya Anderson Powerpole kwenye redio ya HF (redio ya mawasiliano ya mbali)

Redio ikipokea vizuri lakini inazimika ukibonyeza kuongea, usiifungue kwanza. Kagua waya wa umeme. Yangu ya wati 100 ilikuwa hivyo: kusikiliza safi, ila nikirusha, taa ya kioo inafifia kwa kila neno, na nikiongeza nguvu inajizima.

Mita ndiyo iliyonionyesha. Huku nikirusha, kwenye pawa saplai volti zilibaki 13.8, nyuma ya redio zilikuwa chini ya 11.7, kiwango ambacho redio nyingi za aina hii hazivumilii kushuka zaidi. Redio ya wati 100 huvuta ampea kama 20 ikirusha. Kiungio kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 2 zinapotelea hapo na wati 40 zinageuka joto. Wakati wa kupokea inavuta ampea chache mno, kwa hiyo huoni chochote. Hapa Mombasa hewa ya chumvi inakula shaba: pini zilikuwa na kutu ya kijani, kishikio cha fyuzi vilevile, na plastiki ya plagi imeanza kuungua.

Nilikata vyote nikaweka Powerpole za ampea 30. Nimezipenda kwa dhati. Hazina dume wala jike, kila kimoja kinaingiana na mwenzake, na pini za 15, 30 na 45 hukaa kwenye ganda moja. Zingatia mpangilio wa nyekundu (chanya) na nyeusi (hasi): ukitazama mdomo wa jozi hiyo, ulimi ukiwa juu, nyekundu iwe kulia. Ukigeuza, siku utakapoazima betri ya mwenzako utaunguza redio.

Nunueni koleo lake la kubania, hata kama bei inauma. Plaizi ya kawaida inaibonyeza pini tu, nyuzi hazishikwi sawasawa. Lehemu siipendi hapa, kwani waya unakakamaa na kukatika pale lehemu inapoishia.

Kasoro ni kwamba havina kufuli; waya ukivutwa, vinachomoka. Mimi navifunga kwa kamba ya plastiki. Nje kwenye mvua nisingeviweka bila kifuniko.

Sasa nikirusha kwa nguvu zote napata volti 13.3 nyuma ya redio, na kiungio hakipati joto mkononi. Fyuzi mpya nimeziweka karibu na chanzo cha umeme, kwenye waya zote mbili.