Buti za mlima za mitumba, masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi: zinazong'aa ndizo za kuogopa

Buti ya ngozi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, meno ya soli bado makali, kamba zake za asili zingalipo. Muuzaji anaipiga kofi kisiginoni: "Hii ni kamera, mkubwa, mtumba wa daraja la kwanza. Haijawahi kukanyaga chini." Huenda anasema kweli, na hapo ndipo penye shida. Buti iliyokaa miaka minane bila kukanyaga chini inaweza kubanduka soli kabla hujaiona kambi ya Shipton, Mlima Kenya.

Kati ya mpira wa chini wenye meno na ngozi ya juu kuna soli ya kati, lile tabaka linalomeza mshindo. Buti nyingi nzito za Ulaya hulitengeneza kwa poliyurethani, aina ya povu gumu la plastiki, kwa sababu haibonyei haraka chini ya mtu aliyebeba mzigo. Adui yake ni unyevu. Mvuke wa maji huikatakata kemikali yake polepole, kiatu kikiwa kimetulia tu sandukuni, hadi siku moja inageuka unga. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba buti ya kufungiwa stoo huharibika upesi kuliko inayovaliwa, kwani kutembea huukamua unyevu. Sasa hesabu safari ya mtumba: miaka kabatini Ujerumani, wiki kadhaa ndani ya kontena, joto la Mombasa, kisha bale lililokazwa kama tofali. Mpira wa chini haudhuriki na hayo yote, ngozi nayo hung'arishwa. Kinachokufa ni cha katikati, na kinakufa bila harufu wala doa.

Kwa hiyo usianze na meno ya soli. Geuza buti ubavu, tafuta mstari wa soli ya kati, ubonyeze kwa ukucha wa kidole gumba sehemu mbili: juu kidogo ya kisigino, na pale kiatu kinapokunjika karibu na vidole. Iliyo hai hurudisha umbo na alama ya ukucha hupotea. Inayokufa huacha shimo, au hunata, au hupasuka vipande vidogo kama ukoko wa ugali. Halafu kunja buti kwa nguvu mara kumi na kuichungulia tena. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, irudishe mezani, hata bei ishuke nusu. Kibandiko kilichoshonwa ndani ya ulimi mara nyingi huwa na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ikiwa ni poliyurethani na imepita miaka kumi, mwachie anayeitaka ya mjengo.

Jihadhari na rangi. Toi, ambako viatu huoshwa na kupangwa kwa saizi kabla ya kukufikia, kiwi nyeusi hupakwa hadi ukingoni mwa soli, na nyufa zote humezwa. Beba kitambaa chenye maji, futa ukingo kwanza, ndipo ubonyeze. Muuzaji akikasirika, umepata jibu lako.

Buti nyepesi nyingi zina soli ya kati ya EVA, povu jepesi la plastiki. Hii haiozi kwa unyevu, hilo ni la kuishukuru, lakini hulala: hubonyea na hairudi. Iweke buti juu ya meza iliyo sawa, uitazame kwa nyuma: kisigino kikiegemea upande mmoja, mwenye kuivaa kabla yako aliimaliza, na goti lako ndilo litakalolipa mtakapokuwa mkishuka kutoka kilele cha Lenana, mita 4,985, juu ya changarawe inayoteleza. Mikunjo iliyoganda ubavuni ni dalili ileile. Ukishindwa kujua ni EVA au poliyurethani, ipime kama poliyurethani.

"Hiyo soli fundi atashona," utaambiwa. Inategemea. Buti ya zamani yenye ukanda wa ngozi unaozunguka nje, uzi ukionekana juu ya soli, hushonwa na kushonwa tena, na mafundi wa Nairobi wanaijua kazi hiyo vizuri. Hiyo inunue hata ikiwa na soli iliyolika. Ya gundi tupu ni habari nyingine. Soli ya kati ikishakuwa unga, gundi haina pa kushika; lazima fundi aikwangue yote, akate tabaka jipya, ndipo abandike mpira. Akipitisha sindano kutoka ndani hadi nje ili ishike zaidi, ametoboa utando wa kuzuia maji, na kila tundu la uzi ni mlango wa matope. Vilevile buti ya shilingi 3,000 inayohitaji soli ya 1,500 si ya 3,000 tena. Na fundi akikubandikia mpira wa tairi, haufi haraka, kila aliyevaa akala anajua, ila ni mgumu na kwenye jiwe lililolowa huteleza.

Utando wenyewe, Gore-Tex au mwingine, hauonekani. Ingiza mkono ndani, papasa kisigino: kitambaa kikiwa kimechanika hapo, utando nao umekwenda. Kipimo cha kweli ni cha nyumbani. Jaza maji hadi kwenye kifundo, isimamishe juu ya gazeti nusu saa, uangalie gazeti. Ndiyo maana mapatano ya kurudisha hufanywa kabla ya pesa kutoka mfukoni: "Nikirudi nayo kesho, unibadilishie." Wengi hukubali, hasa ukiwa umeshajulikana.

Gikomba au Toi, basi? Gikomba kuna wingi, bei iko chini, na kiatu hukikuta kabla hakijapambwa, jambo ambalo kwa mpimaji ni faida kubwa. Nenda alfajiri bale zinapofunguliwa, na noti ndogondogo. Toi ni kwa asiye na asubuhi nzima: huhitaji kuchimbua lundo kutafuta mguu wa pili, ila unalipia kule kuoshwa. Ajuaye kutumia ukucha wake aende Gikomba. Asiyejua aende Toi na mwenzake anayejua.

Aina mbili huwadanganya wengi katika masoko yote mawili. Ya kwanza ni buti za kazi. Tafuta alama S1P au S3 kwenye ulimi. Hizo ni viwango vya usalama kazini, na mbele kuna kofia ngumu ya kukinga vidole. Si zote ni za chuma, kwa hiyo sumaku haitoshi, gonga kwa konzi. Kwenye mteremko vidole hugonga ukuta huo saa nzima, na baridi ya alfajiri hukaa ndani ya chuma. Ya pili ni buti ngumu za barafu, ambazo hazikunjiki kabisa mikononi. Ni bora kwa kazi yake, lakini anayekwenda Lenana kwa miguu ataambulia malengelenge.

Saizi: usiamini namba 42 peke yake. Pima wayo wako kwa sentimita, kisigino kikigusa ukuta, kisha ongeza sentimita moja hadi moja na nusu. Buti nyingi zina kipimo cha sentimita kwenye kibandiko kilekile. Jaribu na soksi nzito. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino bila kubanwa. Miguu huvimba kufikia alasiri, kwa hiyo inayobana asubuhi Gikomba itatesa jioni mlimani.

Njia nayo iamue. Kati ya njia za Mlima Kenya, Naro Moru ina kinamasi juu ya kituo cha hali ya hewa cha Met, mita 3,050. Hapo buti ndefu isiyoingiza maji si anasa. Sirimon ni kavu zaidi. Elephant Hill, kwenye milima ya Aberdare, ni tope la mianzi, buti hunyonywa mguuni, kwa hiyo kulabu za juu za kamba ziwe nzima. Longonot ni vumbi la volkano: utando hauna kazi, ila kitambaa cha wavu hupitisha majivu yote.

Ukiifikisha nyumbani, ioshe kwa maji na siki kidogo kuua ukungu, ukaushe kivulini. Kando ya jiko, ngozi hukakamaa na gundi hulegea. Kisha ivae Ngong Hills ukiwa na mzigo uleule utakaobeba mlimani, angalau mara mbili, kwa sababu soli inayotaka kubanduka ni heri ibanduke ukiwa karibu na matatu. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Na kwenye begi weka mita tatu za kamba nyembamba na tepu pana: soli ikiachia, funga kamba mbele ya kisigino na kwenye upinde wa mguu, isipite chini ya vidole ambako mawe huikata, ndipo uzungushie tepu.