Chatu au paka, tufuge nani?

Hapa Malindi watoto wanalilia chatu wamfuge ndani, mi nasema paka, na sitaki mchezo na hili. Chatu wa kwetu anaweza kupita mita 5, sumu hana lakini anabana mpaka unakata pumzi, na mbuzi anammeza mzima mzima, sasa wewe una mtoto mchanga kalala kwenye mkeka utalala usingizi kweli? Halafu akifugwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na lazima uwe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 hiyo. Paka vichwa vya samaki tu na panya wanaisha. Wakitaka kuona chatu, wapelekeni Bio-Ken, shamba la nyoka pale Watamu, matatu moja tu mmefika.