Levels.fyi inakuonyesha ofa, haikuonyeshi kinachoingia benki

Levels.fyi, iliyoanza mwaka 2017, imekuwa tovuti ya kukimbilia kwa wahandisi wa programu wanaopima ofa za kazi Marekani. Inastahili. Jedwali lake la ngazi linakuonyesha kwamba L4 ya Amazon inakaribiana na L3 ya Google, jambo ambalo barua ya ofa haitakuambia, na malipo yamegawanywa sehemu tatu: mshahara wa msingi, hisa na bonasi. Ukienda kujadiliana na mwajiri, nenda nayo.

Shida huanza pale mtu anapoichukua ile namba kubwa ya juu, akaigawa kwa 12, kisha akatafuta nyumba ya kupanga.

Tuseme ofa ni ya Austin, Texas: msingi dola 150,000, bonasi 15,000, na hisa za 160,000 kwa miaka minne, yaani 40,000 kwa mwaka. Jumla ni 205,000, au 17,083 kwa mwezi. Sasa tumia viwango vya 2024 kwa mtu asiye na ndoa, tena kwenye msingi peke yake, maana ndio unaolipwa kila kipindi cha mshahara. Ondoa punguzo la kawaida la 14,600, kiasi ambacho hakitozwi kodi. Zinabaki 135,400, na kodi ya mapato ya serikali kuu inakuwa kama 25,540. Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, 6.2%, inachukua 9,300. Medicare, bima ya afya ya wazee, 1.45%, inachukua 2,175. Mkononi unabaki na takriban 9,415 kwa mwezi, na hapo bima ya afya na akiba ya kustaafu ya 401(k) hazijaguswa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Ofa hiyohiyo ikiwa California, sehemu ya juu ya mshahara inatozwa 9.3% zaidi, pamoja na SDI, bima ya ulemavu ya jimbo, iliyokuwa 1.1% mwaka 2024 na ambayo tangu Januari mwaka huo haina kikomo.

Hisa za RSU, yaani hisa ambazo mwajiri hukuahidi na kukupa kidogokidogo, ndizo zinazoumiza wengi. Siku zinapoiva, yaani zinapokuwa mali yako, thamani yake yote huhesabiwa kuwa mshahara, hata usipouza hata moja. Mwajiri kwa kawaida huuza sehemu ya hisa na kukata 22% ya kodi ya serikali kuu hadi zifike dola milioni moja kwa mwaka. Zaidi ya hapo ni 37%. Ile 22% ni makadirio tu. Katika mfano wetu daraja halisi la kodi ni 24%, kwa hiyo bonasi na hisa zinaacha pengo la 1,100. Linavumilika. Lakini aliye tayari kwenye daraja la 35%, akaivisha hisa za 200,000, ana pengo la 26,000 linalomsubiri Aprili, wakati wa kufunga hesabu za kodi. Tiba ni kujaza upya W-4, fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, na kuongeza makato, au kulipa makadirio kila robo mwaka.

Tovuti huonyesha hisa kwa wastani wa mwaka. Wastani huo haufai popote hisa zisipoiva sawasawa; mpango wa Amazon uliozoeleka wa 5, 15, 40 na 40 kwa mia haufanani nao hata kidogo, ingawa fedha taslimu za kusaini huziba pengo la miaka miwili ya kwanza. Hisa za kampuni ambayo haijaingia sokoni mimi ningeziandika sifuri. Mwenye nyumba hazipokei.

Data ya viza za kazi za H-1B iliyomo kwenye tovuti isomwe kwa tahadhari: ni mshahara wa msingi tu, kwa hiyo usiilinganishe na jumla za watumiaji wengine. Chuja pia kwa mji na tarehe, kwani rekodi za zamani zina bei za hisa za wakati huo.

Kwa makato, fungua kikokotoo cha mshahara kwenye tovuti nyingine na ukijaribu kwanza: weka 23,000 kwenye 401(k), ukomo wa 2024. Kodi ya mapato ishuke, lakini Social Security na Medicare zibaki zilivyokuwa. Zikishuka, kifunge. Kizuri kitasimamisha pia makato ya Social Security malipo ya mwaka yakifika kikomo, ambacho mwaka 2024 kilikuwa 168,600. Ndiyo maana malipo ya Novemba huwa manono, kisha ya Januari yanapungua bila mtu yeyote kukukata mshahara.