Kalibu ya chubwi ya vyumba vinne: kazi nzuri, ila hizo pini zitakutoa jasho

Hii kalibu ya alumini (wengine wanaita moldi) ya kumiminia chubwi, yaani vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, niko nayo tangu kaskazi ianze, kwa hivyo siongei kwa kubahatisha. Ni ile ya vipande viwili, inafunguka kama kitabu, mikono ya mbao, vyumba vinne vya gramu 30, 60, 90 na 120, na kila chumba kina pini ya chuma inayopita katikati ndio chubwi itoke na tundu la mshipi. Niliagiza mtandaoni nikaichukua Malindi, na usafiri ikanisimamia elfu tano na kitu.

Anaevua mshipi kwenye miamba hataniuliza kwa nini nijisumbue. Ukifuata tewa, chubwi tatu nne kwa siku zinabaki huko chini, na siku za bamvua maji yakivuta hiyo gramu 60 inapeperuka tu, unataka nzito. Zamani tulikua tunamimina kwenye kishimo cha mchanga na msumari katikati, chubwi inatoka na mapembe kama muhogo, inakata mshipi, na mchanga ukiwa na unyevu risasi inakurukia usoni.

Halafu niwachekeshe kidogo. Mzigo ulikua umeandikwa kalibu ya risasi, basi kijana wa kaunta akaniangalia juu chini, "Mzee, hii ni ya kutengeneza risasi?" Na mimi bila kufikiria, "Eeh, ya risasi." Walahi kidogo niitiwe askari! Nikamfungulia nikamuonyesha vile vyumba, babake kumbe pia mvuvi, tukaishia kuongea samaki. Ila hakua mjinga, maana Marekani watu wanamimina hata za bunduki majumbani, zikiwemo zile zenye shimo puani, na hilo shimo pia linatokana na pini. Zikipiga zinatanuka, ndio maana azimio la Hague la 1899 likazikataza vitani. Huku kwetu mambo ya risasi za bunduki ni Cap 114, ile sheria ya silaha, na leseni, usijaribu kabisa, mimi shida yangu ni tewa.

Sasa pini. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima nikidhani nimeuziwa taka. Nilikua napasha kalibu moto lakini pini nimeziweka pembeni baridi, nikimimina risasi inaganda pale inapogusa pini, chubwi inatoka na mikunjo kama uso wa ajuza au imejaa nusu. Dawa yake ni kuacha kalibu na pini zake zote ubavuni mwa jiko zipate moto pamoja, umimine tano sita za mwanzo ukijua ni za kurudishwa chunguni, halafu ndio zinaanza kutoka laini. Ukizidisha moto zinatoka na rangi ya ukungu ukungu, hiyo si kitu, samaki hajali. Pia piga masizi ya kibatari ndani ya vyumba na kwenye pini, risasi inajaa vizuri na haing'ang'anii. Na pini itoe na koleo mapema, chubwi ikishashika tu, maana risasi ikipoa inasinyaa inaikaba pini, utaigonga mpaka uipinde. Yangu ya gramu 30 ilipinda hivyo hivyo, nyembamba mno, hapo mtengenezaji amebania, nimeweka spoki ya baiskeli ya stenlesi na inafanya kazi.

Risasi yenyewe utaipata wapi? Lamu gari zinahesabika na punda habalansiwi tairi, kwa hivyo inabidi Mokowe au Malindi kwa watu wa panchari, uombe vile vipande vya kubalansi. Angalia lakini, siku hizi vingi ni zinki au chuma. Chuma utakijua kwa sumaku, zinki uiume na koleo, ikiwa ngumu haiachi alama tupa. Risasi inayeyuka nyuzi 327, zinki kama 420, kwa hivyo ukienda na moto wa kiasi zinki inaelea juu unaiopoa, lakini makaa ukiyapepea sana inayeyukia humo humo na chungu chote kinakua kama uji, hakimiminiki. Nimeharibu kimoja. Hizo za tairi zimechanganywa na antimoni pia, madini mengine, ni ngumu na nyepesi kidogo kuliko risasi tupu, ndio maana chumba cha 60 kinanipa 58, usilaumu kalibu.

Betri za gari, hapana. Yaliyowakuta watu wa Owino Uhuru pale Mombasa na kiwanda cha kuyeyusha betri tunayajua, watoto walijaa risasi mwilini. Mimi nayeyusha nje ufukweni, upepo mgongoni, viatu na mikono mirefu, watoto mbali, sufuria hiyo hairudi jikoni, na nikimaliza naosha mikono kabla sijashika hata kikombe. Mke wangu alinifukuza uani siku ya kwanza, sasa naona alikua na haki. Na chubwi kuukuu ulizookota baharini zikaushe kabisa juu ya jiko kwanza, usiitumbukize yenye maji kwenye risasi iliyoyeyuka, italipuka ikurukie yote.

Mikono ya mbao imelegea mara mbili, skrubu fupi. Bawaba bado iko sawa na vipande vinafungana bila kuvuja. Kama unavua kila wiki nunua, nyota nne, ile moja nimeikata kwa sababu ya pini. Kama unaenda baharini Idi kwa Idi nunua chubwi dukani tu. Chumba cha 30 mpaka sasa nakitumia kwa nadra, anaetaka kuazima aje, ila aje na risasi yake.