Uzoefu wangu: kipimo cha MRI kwa uvimbe wa mfupa karibu na goti, Moshi

Eksirei ilikwisha kuonyesha uvimbe mwishoni mwa mfupa wa paja la mwanangu, juu kidogo ya goti, lakini daktari wa mifupa hapa Moshi alikataa kuchukua kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara) kabla ya MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, kwa sababu damu inayovuja baada ya sindano huchafua picha, na njia ya sindano yenyewe hupangwa na daktari atakayepasua, kwani huja kuondolewa pamoja na uvimbe.

Kituo cha kwanza, mjini Arusha, kilipiga picha ya goti peke yake. Kwa mchezaji aliyeteguka ingetosha. Kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa, haitoshi, maana saratani hiyo huweza kuacha kinundu kingine juu zaidi katika mfupa uleule. Tulirudia kwa fedha zetu, jambo ambalo bado linanikera.

Kituo cha pili, cha Moshi, kilipiga picha ya paja zima kuanzia nyonga, ndipo kikasogea gotini, na mwishoni akachomwa sindano ya gadolinia, dawa ya kuufanya uvimbe uonekane vizuri zaidi, na kupigwa picha tena. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, mashine ikigonga kwa kishindo licha ya vizibo vya masikio, kwa hiyo ninashauri mgonjwa apewe dawa ya maumivu mapema, la sivyo atajitikisa na picha zitaharibika.

Kilichonipa thamani ya fedha yangu ni usomaji wa picha. Uboho wenye mafuta ulionekana mweupe na uvimbe mweusi. Daktari akasogeza mshale taratibu hadi weusi ulipokoma, akapima kutoka pale hadi kwenye kiungo, kwa kuwa mfupa utakatwa juu ya mpaka huo. Maji yaliyojaa gotini yalinitia hofu, lakini alieleza kwamba maji pekee hayathibitishi kuwa saratani imeingia kwenye kiungo; yeye hutazama kama gegedu limetobolewa, au kama uvimbe umepenya kwa kufuata kano za ndani ya goti. Nyuma ya goti, kati ya uvimbe na mshipa mkubwa wa damu, ulibaki ukanda mwembamba wa mafuta, na hapo ndipo alipoanza kuzungumzia kuuokoa mguu.

Aina ya saratani bado ilihitaji kinyama, na mapafu yalihitaji CT ya kifua, yaani picha za vipande vipande zinazopigwa kwa eksirei. MRI nyingine itapigwa baada ya dripu za dawa za saratani, kabla ya upasuaji, na nimeomba ifanyike katika kituo hichohicho cha Moshi ili picha zilinganishwe.