Paa na upepo mkali: mifuko ya mchanga au mkanda wa chuma?
Tangu kimbunga Hidaya kifike Mafia, Mei 2024, swali hili hurudi kila tahadhari ya upepo inapotolewa. Kwa gharama, mifuko inashinda: viroba na mchanga unapata leo leo, na mpangaji hahitaji kumsubiri mwenye nyumba. Ila upepo huanza kunyanyua bati pembeni na kwenye kona, kwa hiyo mfuko uliowekwa katikati hausaidii sana, na jua hukichakaza kiroba upesi. Mkanda unaofunga papi (mbao zinazopigiliwa bati) kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na kenchi kwenye ukuta, hulishika paa lote. Unahitaji fundi, na karibu na bahari ukaguliwe kutu. Unaezeka upya? Weka mkanda. Upepo ni kesho? Panga mifuko kingoni, ifunge kwa kamba, na watoto wakalale kwenye nyumba imara zaidi.