Fensi yangu ya umeme imenipiga bafuni

Mwenzenu nimepigwa shoti bafuni, tena na fensi niliyoilipia mwenyewe.

Walikuja kuifunga miezi kadhaa iliyopita, vijana watatu na bosi wao ambaye hakushika hata koleo, kazi yake simu tu. Ukuta wangu huku Goba, Dar es Salaam, wakaumaliza siku moja. Nilifurahi mpaka nikawapikia pilau. Kesho yake jioni nashika koki ya bafuni: tak! Nikasema labda ni mawazo yangu. Baada ya kama sekunde moja, tak! tena. Na redio sebuleni nayo inadonoa vilevile, tak, tak, mwendo mmoja na enejaiza, ile mashine inayorusha umeme kwenye fensi.

Nikampigia bosi. "Mama, huo umeme mdogo, hauui." Nikamwambia sijauliza kama unaua, nauliza umefuata nini bafuni kwangu. Akacheka. Jamani, alicheka! "Sasa mama, ulitaka fensi isiyopiga?"

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Nikamleta fundi mwingine, mtu mzima. Dakika kumi hazikuisha. Waya wa ethi wa fensi, ule unaoshuka ardhini, walikuwa wameufunga kwenye nondo ileile ya ethi ya nyumba, ndiyo njia shoti iliyopita kuja bafuni. Fensi inatakiwa iwe na nondo zake, mbali; yeye huacha mita 10. Akauzunguka ukuta huku anaguna. Waya unaotoka kwenye enejaiza ni huu wa kawaida wa kufungia taa, wakati fensi inarusha maelfu ya volti. Seng'enge yangu ya zamani nayo imeunganishwa humohumo. Seng'enge haitiwi umeme, aliniambia, mtu akinasa kwenye miiba atajinasuaje huku anapigwa? "Ushukuru hawakuiunga moja kwa moja na umeme wa nyumbani, mama, tungekuja kwako kuzika."

Na vibao vya tahadhari! Viwango vya kimataifa vya umeme, vya IEC, vinataka kisipite kipande cha mita 10 bila kibao. Mimi nilikuwa nacho kimoja. Kimoja, na kimeangalia ndani. Ananitahadharisha mimi! Nje huko ndiko wanakopita watoto wa shule wakiokota maembe ya jirani.

Nisiwaonee lakini. Vyuma vimesimama imara, nyaya zimekazwa sawasawa, na tangu zifungwe mwizi hajasogea, mimi niliyeibiwa mpaka pampu ya maji. Halafu nilipowatumia picha za yale madudu, yule kijana mdogo kuliko wote akaja Jumapili, peke yake. Akachimbia nondo mpya kule mwisho wa kiwanja, akabadilisha waya, akaitoa seng'enge kwenye umeme, akafunga vibao pande zote. "Tusamehe mama yangu," mpaka nikaona aibu kwa niliyomporomoshea bosi wake. Nilishaanza kuwaambia majirani wawape nafasi.

Juzi bosi kanitumia bili. "Kuhamisha ethi." Chini yake: "usumbufu wa Jumapili."

Silipi. Na akija kudai, apite getini, kibao sasa kinaangalia nje.